Kabla ya Kuandika Klasi ya Gari, Muulize Mwenye Gari

Kila anayejifunza kuandika programu kwa mtindo wa obijekti hukutana na gari mapema. Anaandika klasi (kiolezo cha kutengenezea vitu, yaani obijekti, ndani ya programu) inayoitwa Gari, anaipa rangi, anaipa kasi, anaiwekea metodi, yaani kitendo, ya kuwasha na metodi ya kuongeza kasi. Somo linalofuata, Gari linazaa Lori na Basi, na mwanafunzi anaambiwa huo ndio urithi, klasi ya mtoto kuchukua yaliyomo kwenye klasi ya mzazi. Nafundisha vijana programu hapa Kigoma, jioni, wakishatoka kwenye shughuli zao, na mfano huu naupenda kwa sababu hakuna kijana asiyelijua gari. Ninachopinga ni mahali tunapouanzia. Tunaanza kwa kulitazama gari lilivyo, wakati klasi inatakiwa ianze kwa kumsikiliza mtu anayetaka kujua jambo fulani kuhusu hilo gari.

Chukua hiyo kasi. Nani ataisoma? Kama unaandika mchezo wa mbio za magari, au unaiga foleni ya barabarani ndani ya kompyuta, kasi ni ya lazima, huna programu bila hiyo. Lakini kama programu ni ya kumsaidia mwenye Hiace kujua lini gari lake liingie gereji, kasi haina msomaji. Itapewa sifuri siku obijekti inapoundwa na itabaki sifuri maisha yake yote. Rangi nayo ni hivyo hivyo. Sifa isiyo na msomaji ina gharama: lazima ijazwe, ihifadhiwe, ihamishwe kila data inapohama, na siku moja mtu atakayerithi msimbo wako ataikuta, ataamini ina maana, na atajenga kitu juu yake.

Kundi nililonalo sasa limepata mtu wa kumuuliza. Mama mmoja wa Mwanga, hapa hapa Kigoma, mfanyabiashara, alikubali vijana waende waone anavyotunza vyombo vyake. Ana Hiace inayopiga ruti ya Mwandiga, ana bajaji, ana bodaboda kadhaa alizowapa vijana kwa mkataba, na ana boti mbili pale Kibirizi zinazopeleka abiria na mizigo vijiji vya kaskazini hadi Kagunga. Kumbukumbu zote zimo kwenye kaunta buku moja nene, mistari imepigwa kwa rula na kalamu nyekundu, kila chombo na kurasa zake. Vijana wakamwamkia, wakakaa, wakafungua laptopu, na mmoja akaanza kumweleza klasi ni nini na obijekti ni nini. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza, kisha akasema:

“Mwanangu, hayo ya ndani ya kompyuta ni kazi yako. Mimi nataka nikiamka asubuhi niambiwe chombo gani kimefika sevisi, kibali gani kinakaribia kuisha, na nani jana hakuleta hesabu.”

Niliwaambia wayaandike maneno hayo juu ya ukurasa kama yalivyo. Huo ndio usanifu wote, kilichobaki ni kuutafsiri kwenye lugha ya Python. Ukiwa na maswali matatu ya namna hiyo unaweza kuipima kila sifa inayopendekezwa: inasaidia kujibu lipi? Rangi haisaidii kujibu hata moja. Idadi ya milango haisaidii. Idadi ya viti vya Hiace, ambayo kijana mmoja aliitetea kwa nguvu sana, haisaidii pia, kwa sababu mama hahesabu abiria. Anahesabu kile dereva anachomletea jioni.

Swali la hesabu tuliliondoa kwenye klasi ya chombo mapema. Hesabu inaletwa na mtu. Leo bajaji inaendeshwa na dereva wake, kesho yuko msibani Kasulu na ameshika deiwaka, dereva wa kushikiza kwa siku, na deni likibaki ni la yule aliyeshika siku hiyo. Kwa hiyo hesabu ikapata klasi yake, inayomjua dereva, chombo na tarehe. Sitaizungumzia zaidi hapa, ingawa kwenye biashara ndiyo inayotazamwa kuliko zote.

Sevisi ndiko tulikokaa muda mrefu.

Rasimu ya kwanza ya vijana ilikuwa ile inayotarajiwa: juu kuna Chombo, chini yake wanne, Hiace, Bajaji, Pikipiki na Boti, kila mmoja na metodi yake ya kuangalia kama sevisi imefika. Kwa Hiace ni kilomita. Kwa boti ni saa, kwa sababu mashine ya boti haina gurudumu la kuhesabu; nahodha anaandika saa aliyotoka Kibirizi na saa aliyotia nanga, na mama anajumlisha. Mpaka hapo mti ule wa klasi ulionekana umesimama vizuri.

Kisha wakafika kwenye bodaboda. Ukweli wa bodaboda, na si Kigoma tu, ni kwamba nyingi kilomita zimekufa. Waya wa spidomita umekatika, au mshale umeganda palepale tangu pikipiki ilipouzwa mara ya pili. Bodaboda mpya za mama zinasoma kilomita, za zamani hazisomi, na zile zisizosoma anazipeleka kwa fundi kwa kuhesabu siku. Klasi ya Pikipiki ikawa na ndani yake swali: mita inafanya kazi au haifanyi? Na Bajaji nayo ikapata swali hilohilo, kwa sababu mita ya bajaji ilikuwa mbioni kufa. Ukiona klasi mbili ndugu zinanakili swali moja, rudi ukautazame mti wenyewe. Hiace na bodaboda mpya zilikuwa zinafanana katika jambo tulilolihitaji kuliko bodaboda mpya na bodaboda ya zamani. Mgawanyo wa gari, pikipiki na boti unaonekana kwa macho, lakini kazi hii haukuuhitaji. Kazi ilihitaji kujua uchakavu wa kila mashine unapimwa kwa nini: kilomita, saa au siku.

Tukaufuta mti wote. Hiki ndicho kilichobaki:

```
class Mashine:
    def __init__(self, kipimo, pengo):
        self.kipimo = kipimo    # "km", "saa" au "siku"
        self.pengo = pengo
        self._matumizi = 0

    def ongeza(self, kiasi):
        if kiasi < 0:
            raise ValueError("Matumizi hayarudi nyuma")
        self._matumizi += kiasi

    def imefika_sevisi(self):
        return self._matumizi >= self.pengo

    def fanyiwa_sevisi(self):
        self._matumizi = 0


class Chombo:
    def __init__(self, namba, mashine):
        self.namba = namba
        self.mashine = mashine

    def imefika_sevisi(self):
        return self.mashine.imefika_sevisi()
```

Hiace ni Chombo chenye mashine ya "km" na pengo la 5,000. Boti ni Chombo chenye mashine ya "saa" na pengo la 100. Bodaboda ya zamani ni "siku". Siku mita ya bajaji itakapokufa kabisa, itafanyiwa sevisi ili matumizi yarudi sifuri, mama atabadilisha kipimo na pengo, wala hakuna atakayefungua msimbo.

Kuna mambo kwenye mistari hiyo michache ambayo yalizua mjadala, na ningependa anayejifunza ayatazame kwa karibu.

La kwanza ni jina la metodi. Rasimu ilisema mwaga_oili, kwa sababu kwa gari sevisi maana yake ni kumwaga oili na kuweka mpya. Fundi wa Kibirizi akawaambia mashine za zile boti ni za kuchanganya oili na petroli kwenye tanki. Oili inaungua pamoja na mafuta, hakuna ya kumwaga. Kinachobadilishwa ni oili ya gia kule chini kwenye panga, na plagi zinatazamwa. Metodi yenye jina la mwaga_oili ingekuwa inasema uongo kila inapoitwa kwa boti. Jina likawa fanyiwa_sevisi, na maelezo ya nini kinafanywa yakaachwa kwa fundi, anayeyajua.

La pili ni kwa nini hatuhifadhi namba inayosomeka kwenye dashibodi. Ndilo wazo linalokuja haraka: andika usomaji wa leo, toa usomaji wa sevisi iliyopita. Lakini Hiace ile iliwahi kubadilishwa dashibodi, ikafungwa ya mtumba iliyokuja na kilomita za gari lingine. Namba ya dashibodi ni ya dashibodi. Tunachotaka kujua ni mashine imefanya kazi kiasi gani tangu fundi alipoifunga mara ya mwisho, na kiasi hicho kinaongezeka tu. Ndiyo maana ongeza inakataa namba hasi, na ndiyo maana mbele ya _matumizi kuna ule mstari mdogo wa chini. Katika Python mstari huo haumzuii mtu. Ni makubaliano baina ya waandishi kwamba sifa hii haiguswi kutoka nje. Java, ambayo ilitoka 1995, inaliweka hilo kwenye sheria za lugha, na mkosaji anakataliwa kabla programu haijaanza. Mimi nawafundisha vijana waheshimu makubaliano hayo kama sheria. Sehemu moja tu ya programu ikiruhusiwa kuandika matumizi inavyotaka, jibu la asubuhi halina tena thamani, kwa sababu hujui nani amelipitia.

La tatu ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Kwa nini Mashine imetengwa na Chombo? Mwanzoni zilikuwa klasi moja na hakuna aliyelalamika. Ikaja mbalamwezi. Anayekaa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika anajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa ziwa likiwa jeupe, na siku hizo mafundi wa mbao wanapata kazi nyingi. Boti moja ya mama ikavutwa mchangani kutiwa kalafati, na mashine yake ikafungwa kwenye boti nyingine ambayo yake ilikuwa inasumbua. Saa zilizokuwa zimeandikwa ni za nani sasa? Za mashine, bila shaka. Mashine ndiyo iliyochoka. Kama saa zimeandikwa ndani ya Boti, boti iliyolala mchangani itaendelea kudai sevisi, na ile inayosafiri itaonekana mpya. Mashine ikiwa obijekti inayojitegemea, kuihamisha ni mstari mmoja, na inaondoka na historia yake yote.

Mji huu una mfano mkubwa zaidi wa jambo hilo. MV Liemba, meli ya ziwa hili, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina la Liemba. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikafungwa za dizeli. Jina limebadilika, mwenye mali amebadilika, injini zimebadilika, na hakuna mtu wa Kigoma anayesema hiyo ni meli nyingine. Nikitaka kumweleza kijana kwamba utambulisho wa obijekti haukai ndani ya sifa zake, namwambia afikirie Liemba. Ndiyo sababu Chombo kina namba tunayoipa sisi wenyewe, hatutegemei namba ya usajili. Bodaboda zina namba zinazoanza na MC, Hiace ina yake inayoanza na T, boti zinatambulika kwa majina yaliyopakwa rangi ubavuni, na rangi hupakwa upya.

Hapo kijana mwenye kuuliza sana akauliza: kama urithi tumeutupa, kwa nini vitabu vyote vinautolea mfano wa magari?

Jibu liko Oslo. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wa Kituo cha Kompyuta cha Norway, walikuwa wanatengeneza lugha ya Simula, ya kuigia shughuli za kweli ndani ya kompyuta. Mwishoni mwa 1966 walikuwa wanaumiza kichwa na mfano wa kibanda cha ushuru darajani, penye foleni ya magari, mengine malori na mengine mabasi. Lori lina mambo yake na basi lina mambo yake, lakini yote mawili lazima yaweze kupanga foleni: kuwa na wa mbele na wa nyuma, kuingia na kutoka. Wakapata wazo la kuandika habari za foleni mara moja, kisha kuzitanguliza mbele ya maelezo ya lori na mbele ya maelezo ya basi. Wazo hilo likaingia katika Simula 67, na ndiko klasi, obijekti na urithi tunaoujua vilikotoka. Bjarne Stroustrup alipoanza 1979 kuiongezea klasi lugha ya C, kazi iliyokuja kuwa C++, alikuwa anafuata mfano wa Simula. Dahl na Nygaard walipewa tuzo ya Turing ya 2001, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, na wote wawili walifariki 2002.

Kwa hiyo magari yalikuwepo tangu siku urithi ulipobuniwa. Lakini tazama lori na basi pale Oslo walirithi nini. Walirithi uwezo wa kusimama kwenye foleni, kwa sababu programu ilikuwa inauliza habari za foleni. Dahl na Nygaard walianzia kwenye swali la darajani, na mti wao ukaota kutoka hapo. Sisi tuliokuja baadaye tuliuchukua mti tukaliacha swali, ndiyo maana kitabu kinaweza kujaza kurasa nzima za Gari, Lori na Basi bila kutaja hata mara moja programu hiyo anaitumia nani.

Urithi siukatai. Naupa sharti, na sharti lenyewe lilielezwa vizuri na Barbara Liskov, mwanasayansi wa Marekani, katika hotuba yake ya 1987: popote panapotakiwa mzazi, mtoto aweze kuwekwa na mambo yaende bila kuharibika. Tulilijaribu kwa baiskeli. Watu wa vijijini wanashusha ndizi na mkaa mjini kwa baiskeli, kwa hiyo ni chombo cha usafiri, hakuna ubishi. Kijana akaiandika Baiskeli kama mtoto wa Chombo. Sasa orodha ya asubuhi inapita kwenye kila chombo na kuuliza mashine yake, na baiskeli haina mashine. Utaipa mashine ya uongo yenye pengo lisilofikika? Utaifanya itoe kosa? Vyote viwili vinamlazimisha anayeuliza aanze kutofautisha baiskeli na vingine, na hapo sharti la Liskov limevunjika. Mama hana baiskeli kwenye kaunta buku lake. Tukaiacha nje, na nadhani kuiacha nje ulikuwa uamuzi wa usanifu sawa na mwingine wowote.

Vibali vilikwenda haraka, kwa sababu vijana walikuwa wameshaelewa. Hiace ina leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na ina bima; boti ziko chini ya TASAC, ya usafiri wa majini. Zamani usafiri wa nchi kavu na wa majini ulikuwa chini ya mamlaka moja, SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2001. TASAC ikaanza kazi 2018 na LATRA ikaundwa 2019. Aliyeandika ndani ya Boti sifa inayoitwa leseni_ya_sumatra angelazimika kurudi kuibadilisha. Kwetu Kibali ni klasi ndogo yenye aina, mamlaka iliyokitoa na tarehe ya mwisho, na inajibu swali moja tu: zimebaki siku ngapi? Chombo kinabeba orodha ya vibali, kiwe kimoja au vitano. Mamlaka ikibadilika jina, kinachobadilika ni data.

Jambo ambalo bado tunalijadili ni bodaboda za mkataba. Kijana analeta hesabu kila siku mpaka muda waliokubaliana uishe, kisha pikipiki inaandikishwa kwa jina lake na inakuwa yake. Wengi kwenye kundi walitaka metodi ya futa. Tulipomwonyesha mama, akafungua kaunta buku akatuonyesha anavyofanya yeye: ukurasa hauchanwi, anapiga mstari wa wino chini na kuandika tarehe, kwa sababu siku yoyote mtu anaweza kurudi na ubishi wa malipo. Basi Chombo kikapata sifa mpya, tarehe ya kutoka, inayobaki tupu mpaka siku hiyo ifike.

Ubishi uliopo ni nani aitazame tarehe hiyo. Baadhi wanasema orodha ya asubuhi ilinganishe tarehe yenyewe na kuruka vilivyotoka. Mimi niko upande wa wanaotaka Chombo kijibu chenyewe kupitia metodi kipo_kazini, kwa sababu orodha ya sevisi, orodha ya vibali na orodha ya hesabu zote zinahitaji jibu hilo, na zikiachwa zihesabu kila moja kivyake, iko siku mbili zitatofautiana: moja itasema bodaboda ipo, nyingine itasema imeondoka, na mama hatajua aiamini ipi.